Maswali ya Wasomaji: Chini ya Miembe ya Bi Khole

*Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli moja ya Pemba, na likizo ya Disemba nakusudia kuwavusha wanafunzi wangu kumi na wanane waione Unguja kwa macho yao. Mwaka jana nilipita njia ya Makunduchi ndani ya gari ya shamba, mara mwanga ukapungua kana kwamba tumeingia chini ya paa, na kabla sijauliza tukawa tumeshatokea upande wa pili. Abiria aliyekaa nami akaniambia kuwa ile ndiyo miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, na kwamba chini ya kila mwembe amelala mtu, kwa sababu bibi yule alipokuwa akimchoka kijana wake humuua na kumpandia mti juu yake. Naomba kujua kama watoto wanaweza kutembea pale kwa miguu, nini cha kuwaonesha, na kama hadithi hiyo niwasimulie au niwafiche. Msomaji, Wete.*

Wa alaykum salaam, Maalim. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, lakini nitaanza na la kwanza kwa kuwa ndilo litakalokufikisheni.

Kutembea pale kunawezekana, na mimi husema kwamba aliyepita ndani ya gari bado hajafika. Safu hizo mbili za miembe ziko Bungi, katika Wilaya ya Kati, na barabara kuu ya leo iendayo Jozani, Makunduchi, Jambiani na Kizimkazi imepita katikati yake. Magofu ya nyumba ya Bi Khole yenyewe yako kiasi cha kilomita 6 kusini ya Tunguu, upande wa kulia kwa mtu atokaye mjini, kwenye njia ya pembeni inayoelekea ufukwe wa magharibi. Kwa watoto kumi na wanane ni afadhali mkodi gari itakayokushusheni na kukungojeni, kwa sababu gari za shamba za kurudi mjini hupita hapo zikiwa zimeshajaa tangu zilikotoka. Ukipanda hizo za kawaida, mwambie konda mapema kuwa mnashuka Bungi kwenye miembe, wala usimtajie jina la Bi Khole peke yake. Mimi niliwahi kulitaja, kijana wa watu akaitikia kwa kichwa huku akihesabu noti, na nilipoligonga bati la gari niliona miembe yote imeshabaki nyuma. Nilirudi kwa miguu juani, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyoithamini kwelikweli kazi ya mwembe.

Nendeni asubuhi, mfike saa mbili au kabla ya hapo. Jua likiwa bado liko chini, miale hupenya ubavuni mwa vigogo na kuuonesha mstari wote ulivyopangwa, lakini kufikia saa tano kivuli kinakuwa kimoja kizito na macho hayapambanui kitu. Msitembee juu ya lami. Gari zinakuja kasi pale, na dereva anayetoka kwenye jua kali na kuingia ghafla kivulini haoni vizuri kwa muda. Piteni upande wa nje, nyuma ya vigogo, mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma, na mchague upande mmoja wa kwenda nao mpaka mwisho ili pasiwe na mtoto wa kuvuka barabara kila anapoona embe upande wa pili. Disemba ni msimu, na embe zitakuwapo.

Sasa la kuwaonesha. Ningekuwa mimi ndiye Maalim, nisingeanza na Bi Khole hata kidogo. Ningewasimamisha watoto kwenye mwembe wa kwanza na kuwataka wahesabu hatua mpaka wa pili, kisha wa pili mpaka wa tatu, na waandike. Watakuta nafasi zinakaribiana, isipokuwa pale penye pengo, na penye pengo hesabu itaruka takriban mara mbili, kwa kuwa hapo palikuwa na mwembe ulioanguka au kukatwa. Mti uliojiotea wenyewe haupangi mstari wala haupimi nafasi. Kwa hiyo, kabla hawajasikia jina la mtu yeyote, watoto watakuwa wamegundua kwa miguu yao kwamba kuna mtu aliyesimama hapa na kamba au fimbo ya kupimia, na kuna wengine waliochimba mashimo pale alipowaonesha.

Baada ya hapo waacheni washikane mikono kuuzunguka mti mmoja mkubwa, na muone ni watoto wangapi wanaotosha. Gome lake ni la kijivu, limepasuka vipande vipande kama tope lililokauka, na mara nyingi lina kuvu nyeupe upande usiopigwa na jua. Mkiwa na bahati mtakuta tawi lililochipua upya: majani machanga ya mwembe hutoka na rangi ya shaba iliyopauka, malaini, yamening'inia kama kitambaa kilichorowa, na huchukua siku kadhaa kugeuka kijani na kukakamaa. Mtoto asiyejua huyadhani yameungua. Vunjeni jani moja lililokomaa mulinuse, lakini muwakataze kuchezea utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe bichi, kwani mwembe ni ukoo mmoja na mkanju, na utomvu wake huchubua midomo na ngozi ya baadhi ya watu vibaya sana. Waulizeni pia kwa nini aliyepanda alichagua mwembe na si mti mwingine. Majibu watayapata hapohapo walipo: haupukutishi majani yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kivuli hakikatiki mwaka mzima, kilele chake hutanuka mpaka kikakutana na cha jirani yake, na juu ya yote hayo unamlisha mpita njia.

Umri wa miembe ile ndipo watu wanapopenda kuapa, na mimi ningekuomba usiape. Mwembe ulioota kwa kokwa unaweza kuishi zaidi ya miaka mia na ukaendelea kuzaa, jambo linalotupa ruhusa ya kuamini kwamba miembe ya zamani zaidi pale inaweza kuwa ya karne ya 19. Lakini miti mingi ya nchi zetu za joto haiandiki pete za mwaka kwa uwazi kama ifanyavyo miti ya nchi za baridi, na unene wa kigogo hutegemea udongo na maji kama unavyotegemea miaka. Hata wale wanaoinasibisha safu hii na Bi Khole hukiri kwamba huenda sehemu yake ilikuwapo kabla yake. Mwembe wenyewe si mgeni wa juzi katika mwambao huu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu na Mombasa mwaka 1331, alikuta Mogadishu embe zikitiwa siki na kuliwa pamoja na wali, na jina alilolitaja, yaani *anba*, halitofautiani sana na embe yetu. Basi alipozaliwa Bi Khole, watu wa mwambao walikuwa wameshatia embe kwenye achari kwa kiasi cha miaka mia tano.

Na bibi mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mmoja wa mabinti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na tunamjua zaidi kupitia kalamu ya mdogo wake, Bi Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Bi Salme alimpenda dada yake huyu kupita kiasi, na anapomtaja kalamu yake hulainika. Anasimulia kuwa uzuri wake ulisifika mpaka Oman, na kwamba siku moja watu walipokuwa wakicheza mchezo wa silaha mbele ya nyumba, Mwarabu mmoja aliinua macho dirishani akamwona Khole, akapotewa na akili hata asihisi kuwa ameegemea mkuki uliokuwa umeuchoma mguu wake mwenyewe, na damu inatoka. Hiyo ukipenda wasimulie wanafunzi, Maalim. Ina msimuliaji anayejulikana, aliyeishi nyumba moja na anayesimuliwa.

Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, na ndugu wakagawanyika. Mwaka 1859 Barghash, mmoja wa wanawe, alijaribu kumwondoa kwenye kiti kaka yake Majid, aliyerithi Unguja, na Khole akawa upande wa Barghash, pamoja na Salme ambaye, kwa kuwa alijua kuandika, ndiye aliyekuwa mkono wa barua zao. Waingereza wakamsaidia Majid, jaribio likavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Waliobaki Unguja walibaki na aibu na macho ya watu, na si ajabu mtu wa hali hiyo akapenda nyumba ya shamba iliyo mbali na mji na masikio yake. Bi Khole alifariki mwaka 1875.

Tunakuja sasa kwenye maiti chini ya miembe. Nimeisikia hadithi hiyo kwa sura zisizopungua tatu. Wako wasemao kila mwembe ni kijana aliyeuawa, wako wasemao kila mwembe ulipandwa na kijana aliyependwa, na wengine husema mtu alizikwa kwenye kila shimo ili mti uote haraka. Hadithi ambayo mauaji yake yanageuka kuwa mapenzi kwa kubadilisha msimuliaji ni hadithi ya kuwekwa mbali na mizani ya historia. Hapana maandishi ya wakati ule ninayoyajua yanayoiunga mkono, na Bi Salme, ambaye hakuona haya kuandika ugomvi na husuda za nduguze, hana neno kama hilo. Nikiongeza la kwangu, naona imemshika Bi Khole kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye mali, asiye na mume wa kutajwa, anayeishi shamba kwa hiari yake. Barghash husimuliwa kuwa aliweka masuria tisini na tisa kwenye jumba lake la Marahubi, na wanaosimulia hutaja idadi hiyo kama mtu anavyotaja madirisha ya jumba, wala hakuna aliyemtilia maiti chini ya miti yake.

Watoto wako wa Pemba hawatashindwa kulielewa hilo, maana wanalo la kwao. Pale Pujini, kwenye magofu ya karne ya 15 yanayonasibishwa na Mkama Ndume, tumesikia sote kwamba mtawala yule aliwalazimisha watu wabebe mawe ya ukuta huku wakijikokota kwa makalio. Kuta zilizovunjika huvuta hadithi za ukatili kama taa inavyovuta wadudu. Waulize wanafunzi: tunajuaje? Nani alisema, alikuwapo, na alisema lini? Ukiwauliza hivyo chini ya miembe, huna haja ya kuwaficha hadithi wala kuwaapia.

Hata hivyo, usiwaache watoto na bibi mzuri na mkuki wa Mwarabu, wakaondoka wakidhani pale palikuwa mahali pa raha tu. Katika uhai wote wa Bi Khole utumwa ulikuwa halali Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, miaka miwili kabla hajafa, na amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu za sheria ilikuja mwaka 1897. Shamba la binti wa sultani la wakati huo lililimwa na watumwa. Kama safu ile ilipandwa katika zama zake, au za baba yake, basi wale waliochimba mashimo, wakachota maji na kumwagia miche kiangazi mpaka ikashika, walikuwa watu waliochukuliwa bara na ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Hadithi ya maiti inatutisha kwa watu ambao huenda hawakuwapo, huku ikituondoa macho kwa hawa ambao walikuwapo bila ya shaka yoyote. Kwa hiyo mimi nikiwapeleka vijana pale, baada ya kuhesabu hatua huwauliza: shimo moja linachukua muda gani kwa jembe katika udongo huu wa mawe? Kisha nanyamaza wafanye hesabu.

Magofu msiyakose, ingawa msitarajie jumba. Ni kuta, nyingine zimesimama na nyingine zimelala, na kichaka kinazirudia kila baada ya masika. Tafuteni mahali ambapo lipu nyeupe bado imeshikilia, na tafuteni matundu ya boriti yaliyo juu ukutani, kwa sababu nyumba za mawe za wakati ule dari zake zilishikwa na magogo ya mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana hata vyumba vya wakubwa vilikuwa virefu na vyembamba. Paa likishaondoka, mvua huingia kichwani mwa ukuta, chokaa ikalainika, na mizizi ikamalizia. Mtoto asipande juu ya kuta hizo hata kwa picha. Magofu ya kihistoria yanasimamiwa na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, nanyi mkiwa kundi la skuli ni uungwana kuwaarifu kabla, na huenda wakakupeni mtu wa kukuongozeni. Mkiingia kijijini pigeni hodi kwa watu wazima kwanza. Kanga na suruali ndefu zinatosha kwa mavazi, na kwa kuwa mnatoka Pemba sina haja ya kukufundisheni hilo.

*Mhariri, mie na wenzangu husimama pale tukitoka Makunduchi na kuokota embe. Mara ya mwisho bwana mmoja alitutolea ukali. Embe za barabarani zina mwenyewe? Msomaji, Kwahani.*

Zinaweza kuwa naye, na hilo ndilo wengi wa mjini hatulijui. Hapa kwetu ardhi na mti ni vitu viwili. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilikuwa ya Serikali, lakini desturi ya zamani ya mtu kumiliki miti iliyomo ndani ya ardhi isiyo yake haikufa, na juu ya hayo kuna kukodi: mfanyabiashara hulipia matunda yakiwa bado maua, akabeba yeye hasara ya upepo, ya kunguru na ya nyinyi. Bwana aliyekutoleeni ukali huenda alikuwa ameshatoa fedha zake.

Desturi ninayoijua mashamba ni kwamba embe iliyoanguka yenyewe, mtu akaiokota na kuila palepale, hapana anayemgombeza. Kupopoa kwa mawe, kuangua kwa ngoe, au kujaza mkoba ni jambo jingine kabisa. Kama hilo la kwanza nalo lina hukumu yake katika dini, muulize shekhe wako, kwani mimi ni mjibu wa gazeti tu. Mawe nayakataza kwa sababu nyingine pia: jiwe likikosa embe hushuka upande wa pili, na upande wa pili ni barabara.

Kama hamu yenu ni embe hasa, nunueni kwa kina mama wanaopanga mafungu. Miembe ya safu ile ni mirefu, ya kokwa, na embe zake nyingi ni ndogo zenye nyuzi, za kufyonza. Mwenye kutaka boribo au muyuni ya kukata kwa kisu ataipata sokoni, tena bila ya ugomvi.

*Nilitembelea Marahubi nikaona miembe mikubwa ndani ya uwanja wa jumba la Sultani, na mwongozaji akatuambia ni miembe ya Bi Khole. Baadaye nikasikia ya Bi Khole iko kusini. Nani mkweli? Msomaji, Dar es Salaam.*

Wa pili. Marahubi iko kiasi cha kilomita 4 kaskazini ya Mji Mkongwe, na jumba lake lilijengwa na Sayyid Barghash kati ya mwaka 1880 na 1882, wakati Bi Khole ameshafariki miaka mitano na zaidi. Miembe ya hapo husemwa kuwa ililetwa kutoka India na kupandwa kwa amri ya Barghash mwenyewe. Ukuta unaozunguka uwanja ule hunasibishwa na kuta za bustani alizoziona Uingereza alipozuru mwaka 1875. Jumba liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo nene, hamamu na mabirika ya maji.

Lakini ugeni wenu si bure, kwa sababu kulinganisha sehemu hizo mbili kunafundisha. Marahubi ni bustani ya ndani: miembe iko nyuma ya ukuta, kwa ajili ya walioruhusiwa kuingia, na anayetembea chini yake anazunguka na kurudi alipoanzia. Bungi miti imesimama njiani, na kivuli chake alikipata mwenye punda mweupe wa Maskati na vilevile aliyebeba pakacha kichwani. Kama nalazimika kuchagua moja ya kumpeleka mgeni mwenye nusu siku tu, kwa jengo nitampeleka Marahubi, na kwa miti nitampeleka Bungi. Mtoni, iliyo karibu na Marahubi na ambayo ni ya zamani zaidi kuliko zote mbili, ni ya mwenye siku nzima.

*Bi mkubwa wangu ana miaka themanini na anatembea kwa mkongojo. Alizaliwa Unguja Ukuu, na anasema utotoni walikuwa wakipita chini ya miembe hiyo kwa miguu kwenda mjini na vikapu vya dagaa. Anataka kwenda tena. Nachelea njia itamchosha. Msomaji, Fuoni.*

Mpeleke, tena usingoje masika yaingie, maana mvua ikishika ardhi ya chini ya miembe huteleza kwa majani yaliyooza, na mkongojo hauna pa kushika.

Si lazima atembee safu nzima. Gari imshushe upande wa kivuli, mbali kidogo na lami, mahali ambapo hapana mizizi iliyochomoza. Wewe tangulia kushuka ukapakague kwa miguu yako kwanza. Mchukulie kigoda cha nyumbani alichokizoea na si kiti cha plastiki, ambacho mguu wake mmoja utazama ardhini. Mkalishe nyuma ya kigogo, akielekea shamba na si barabara, kwa sababu upande huo ndio wenye upepo na ndio usio na moshi wa gari. Maji, na kofia ya ziada kwa ajili yako wewe.

Na ninakuomba jambo moja kwa niaba ya wasomaji wengine. Chukua simu yako, umrekodi. Muulize walikuwa wakipumzika kwenye mwembe upi, kama kulikuwa na jina la kila mwembe au la kituo, nani alikuwa akiuza maji au uji pale, na wapi palikuwa na miti ambayo leo ni pengo. Usimkatize akichanganya miaka. Akisema "hapa palikuwa na mwembe uliolala", simama, pima hatua kutoka ule uliobaki, uandike.

Ukishamaliza tuletee, hata kama ni ukurasa mmoja. Mwalimu wetu wa Wete atafika na wanafunzi wake kumi na wanane mwezi wa Disemba, na mapengo watakayoyahesabu bado hayana maelezo.